Goti la Kushoto

Kabla jua halijaanza ukali wake Al Khuwair
napanda vidato hamsini na viwili hadi juu ya paa,
goti la kushoto likilalama kila kimoja.
Huko matangi ya maji, masahani ya televisheni,
viyoyozi vinakoroma kama wenyewe walio chini,
na Sindhu, nesi wa ghorofa ya pili, katoka zamu ya usiku,
anatandika mkeka wake wa mpira, na wangu kando yake.

"Bi Zuwena," ananiambia kwa Kiarabu chake cha hospitali,
"shwei shwei." Hilo ndilo somo la kwanza,
na la pili, na la mwaka mzima.

Nilidhani naja kujinyoosha.
Kumbe nimekuja kujifunza kuhema,
mimi niliyehema miaka sitini na mitatu bila mwalimu.
Ingiza, hesabu nne. Toa, hesabu sita.
Mabega yaliyokuwa yameng'ang'ania masikio
yakashuka yenyewe, kama watoto waliochoka kununa.

Shoga yangu Thuwaiba akabenua mdomo:
"Hiyo yoga dini ya watu!"
Shoga, dini yangu naijua.
Alfajiri nimeshaswali, juu ya kiti, kwa ajili ya goti.
Naitaka sijda yangu. Paji la uso lifike chini
kama lilivyokuwa likifika. Basi.
Wiki ya pili alipanda, khanga kiunoni,
eti amefuata kuanua nguo.

"Simama kama mti," asema Sindhu.
Mti gani? Nikachagua ghafu, ule wa njia ya Ibra,
umeota mchangani na haumwombi mtu maji.
Mguu mmoja, macho kwenye kitone cha ukuta.
Nikiyumba, haniambii nimekosea.
"Mti nao huyumba. Ikiuma, acha. Usimwige jirani."
Thuwaiba huiga. Thuwaiba huanguka.

La mwisho ndilo lililonishinda.
"Sasa lala chali, kama maiti."
Mwezi wa Shaabani nilimwosha dada yangu kwa mikono hii;
naujua ule ulegevu wa vidole.
Nikalala. Machozi yakaingia masikioni.
Sindhu hakutamka neno,
alinifunika miguu kwa leso, akaketi
mpaka jua likatufukuza.

Mengine hayahitaji mkeka.
Kaka yangu akipiga kutoka Unguja, habari za kiwanja cha baba,
naiacha simu ilie: ingiza nne, toa sita,
ndipo nasema haloo.
Kiwanja hakijagawanywa.
Ila mwezi wa tatu huu hatujatukanana.

Na jana, mlango nimeufunga, nilijipima.
Kati ya paji la uso na mswala
imebaki shubiri moja, na kidole.