Kiti cha Pili

Gari langu lina viti viwili tu.
Nililinunua kabla ya kumjua Wanjala,
kabla ya kumjua yeyote wa kumngoja,
kwa pesa za miaka saba ya kukagua hesabu za wengine:
dogo, la kijani, limelala chini kama mjusi juani,
na likivuka matuta ya Kileleshwa
hukwaruza tumbo, nami huuma meno.

Sasa wote wana shauri moja: uza.
Mama mkwe ameshapata mnunuzi,
binamu yake wa Ruiru, mwenye fedha taslimu.
Nikasema, kwanza nipime.

Jumamosi, Mtaa wa Biashara,
Naliaka kifuani, wiki yake ya tisa,
futikamba ya mshonaji mfukoni.
Jerono wa dukani akauliza ni gari gani.
Nikamtajia. Akacheka kwa adabu,
akavua viatu vyake virefu,
tukabeba viti, kimoja kimoja, hadi nilipoegesha,
askari wa kanjo akitutazama
kama wezi wanaorudisha mali.

Cha kwanza, kiti cha enzi hasa, kiligoma mlangoni.
Cha pili kiliingia, mlango ukakataa kufunga.
Cha tatu kilikaa vizuri,
ila nikiingiza gia ya nne kiwiko kinagonga plastiki,
ko, ko, kama mgeni asiyekata tamaa.
Cha nne sikumbuki.

Jumapili Wanjala akaleta cha mtumba kutoka Gikomba.
"Elfu mbili tu. Hata hakijachakaa."
Nikafunua kitambaa.
Chini yake, ufa mwembamba kama unywele.
Kiti hakisimulii.
Hakisemi nani alikuwa amefungwa humo,
wala siku ile barabara ilikuwa na maji au la,
wala kwa nini watu wale
hawakutaka tena kukiona nyumbani mwao.
Tumekiweka barazani. Paka anakilalia.

Fundi Odek, Eneo la Viwanda, alinionyesha swichi
ubavuni mwa dashibodi, ndogo kuliko kucha.
"Mfuko wa hewa huu, mama, ukilipuka,
wewe utakuokoa. Yeye utamvunja shingo."
Alisema hivyo akifuta mikono kwa gazeti,
kama anayetaja bei ya oili.
Nikazungusha ufunguo. Taa ya manjano ikawaka: umezimwa.
Nikauwasha. Nikauzima.
Odek akaenda kunywa chai, akarudi,
akanikuta bado nauzima.

Cha sita ndicho.
Chembamba, kijivu, elfu thelathini na moja,
bizimu yake inalia tak! hata jirani akasikia.
Kinatazama nyuma.
Mwana hutazama kisogo cha nina, walisema wahenga,
lakini hawakuwahi kufunga mkanda.
Huyu wangu nimempa mgongo wa dunia:
mijakaranda ikipungua, geti likipungua,
kila kitu kinamfikia kikiwa kimeshapita,
na mimi kando yake, upande wa kulia,
harufu tu, na mkono unaobadilisha gia.

Asubuhi ya kliniki nikamfunga.
Nikapitisha kidole kimoja chini ya mkanda, kama nilivyofundishwa,
kisha cha pili, kisicho na maana.
Injini ikaguna.

Wanjala alikuwa amesimama kwenye kokoto,
shati limepigwa pasi, daftari la chanjo mkononi.
Akautazama mlango wangu. Akautazama wa mtoto.
"Na mimi?"

Wiki tatu nimepima kila kitu,
bawaba, gia, shingo, bei.
Yeye sikumpima.

Tuliposhika Barabara ya Othaya nikamwona kiooni,
nyuma ya bodaboda,
kofia ya watu wengine ikimpwaya kichwani,
daftari amelibana chini ya koti.
Sijui Naliaka anaona hadi wapi.
Nesi alisema shibiri mbili, labda tatu.
Lakini alikuwa ameelekea huko huko,
macho wazi, hapepesi,
nami nikabaki na gia ya pili
hadi Valley Road.