Ombi la Maji, Ukurasa Mmoja

Mbele ya mahakama ya Arequipa, saa mbili asubuhi,
baridi imewahi vitufe vya taipu yangu kabla ya vidole.
Meza ni ya kukunja. Kiti cha mteja kina mguu mmoja mfupi;
nimeuinua kwa nakala ya katiba iliyokwishabadilishwa.

Akaja Hermelinda Ccopa, tope la Chivay kwenye viatu,
akaketi, akayumba, akasema:
"Andika. Wametufungia mfereji."

Miaka ishirini na sita nauza ufasaha kwa kurasa.
Nikafungua kwa swali la balagha:
"Mheshimiwa, mama amnyweshe nini mwanawe?"
Nikaleta takriri, ile inayobisha hodi mara tatu:
"Hatuna maji ya shamba, hatuna maji ya mifugo,
hatuna hata maji ya kutoka machoni."
Kilima nikakivika nguo za ujane.
Mto nikauliza
(si kwa swali; niliufanya ulie).

Nikamsomea kwa sauti. Wapiga taipu wenzangu wakanyamaza.
Don Eleuterio, muuza stempu, akavua kofia.
Hermelinda hakuvua yake.

"Mto haukulia. Nilikuwepo.
Ulipungua ukawa kamba, kisha tope, kisha mawe."
Nikaufuta mto.
"Na hapa, kondoo mia?"
Nikamweleza: hiyo ni chuku, tunatia chumvi kidogo;
hakimu hupunguza kila anachosikia,
basi nasi tunaanzia juu, kama sokoni.
"Chumvi tunawapa alpaka. Kondoo ni kumi na mmoja.
Walikuwa kumi na wanne. Andika majina ya waliokufa."
"Kondoo wana majina?"
"Umeupa mto macho,
unashangaa kondoo kuwa na jina?"

Nikaandika: Pulga. Domingo. Na yule kiziwi.

Nikafuta simba niliyemfananisha na njaa;
huko kwao hajawahi kupita simba.
Nikafuta kilima na ujane wake.
Nikabakisha tafsida moja, kwa woga:
"Mlango wa mfereji ulifungwa."

"Na nani?"
Nikainamia vitufe.
Kitenzi cha kutendwa ni blanketi refu,
miguu ya aliyelala haionekani.
"Andika Fausto Linares. Jumanne, tarehe tisa Juni.
Andika kufuli ni la njano."
Nikaandika. Herufi ya F ikatoboa karatasi.

Sasa hitimisho, nikasema; bila hitimisho hakimu hupiga miayo.
Akakaa kimya. Akatazama chemchemi ya uwanjani
ikimwaga maji juu ya njiwa.
"Maji hayajui kupanda mlima," akasema polepole,
"lakini haya yetu yamepanda hadi kwenye bwawa la Fausto."

Mikono yangu ikatoka kwenye taipu.
Miaka ishirini na sita! "Mama, unajua hiyo inaitwaje?"
"Inaitwa bomba," akasema. "La inchi nne. Andika."

Ukurasa haukufika nusu.
Akadai arudishiwe nusu ya pesa, nikampa,
akazihesabu mara mbili, akaweka kidole gumba pa kutia sahihi,
wino ukabaki kwenye kucha.

Mteja aliyefuata, kijana wa karakana ya viatu,
alitaka barua ya mapenzi, iwe na mwezi ndani.
"Mwezi gani?" nikamwuliza.
"Tarehe ngapi?"