Rimoti ya Bi Somoe

"Jana imefungua, leo imegoma.
Nabonyeza mpaka kucha inalia.
Gari lipo pale mbele ya ghala la ushirika,
limeninunia kama mke mwenza."

Akaiweka mezani, kando ya saa zangu tatu
ambazo wenyewe hawajarudi tangu msimu wa juzi.

Mimi ni fundi saa, Newala hii, miaka thelathini na moja.
Saa sasa wanavaa maharusi, siku moja, kwa ajili ya picha.
Lakini betri ya duara ni betri ya duara.
Nikabana lenzi jichoni, nikaomba mkono usitetemeke.

Ubavuni nikavuta kijino,
ukachomoka ufunguo wa chuma, mwembamba,
umejificha humo kama kiini kwenye ganda.
Bi Somoe Nandonde akashika mdomo.
"Miaka miwili naendesha, kumbe nina ufunguo mwingine!"
Akavuka barabara mbio, kanga begani,
akarudi polepole.
Tundu la kitasa halipo:
fundi rangi wa Masasi alilipaka pamoja na mlango
siku ile alipoficha mkwaruzo wa tela.

Basi. Betri mpya, elfu tatu.
Kipimo changu nilimwazima kijana wa VETA,
kwa hiyo ya zamani sikuipima,
niliiangusha tu kwenye kopo la kahawa.
Mpya ndani, upande wa jumlisha juu. Bonyeza.
Kimya.
Bonyeza.
Kimya cha msikiti saa nne asubuhi.

Watu hawakosi panapokosekana kitu.
Mwenye mashine ya kusaga: mnara wa simu unameza mawimbi.
Muuza mihogo: gari limekumbuka kwao,
"si kila asubuhi linaongea Kijapani?"
"Linaongea," Bi Somoe akakiri.
"Sijui linanisalimu au linanitukana."
Chitanda wa bodaboda akaapa kwa mama yake:
iweke chini ya kidevu, kichwa cha mtu ni antena.
Akaiweka.
Akasimama katikati ya lami, kidevu juu,
kama anayenusa mvua ya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma.
Gari, wapi.

Nikairudisha chini ya lenzi. Safari hii sikutazama,
nilinusa.
Utamu uliochacha. Nyuma ya kibati cha betri
ukungu wa kijani, na gundi ya kahawia.
"Bi Somoe, Jumamosi ulikuwa wapi?"
Akacheka kabla ya kujibu, mabega yakacheka naye.
Shambani kwa wifi yake, Kitangari, mabibo yamekamuliwa,
kata ya uraka ikapinduka, mkoba ukanywa.
"Mimi sikuonja hata tone, fundi.
Mlevi ni rimoti!"

Mswaki. Spiriti. Kibati nikakiinua kwa sindano,
unene wa unywele mmoja, kiguse betri.
Nikaianika kwenye kifuniko cha sufuria, dakika kumi za jua.
Kisha kidole gumba chake, si changu.
Taa nyekundu, punje ya ulezi,
na ng'ambo gari likakonyeza mara mbili,
vioo vikajikunjua kama masikio ya mbuzi aliyeitwa jina.
Muuza mihogo alipiga makofi na kisu mkononi.

Jioni kijana akarudisha kipimo.
Nikaichokoa ile ya zamani koponi,
mkono tu ulitaka kazi.
Mshale ukapanda, ukapanda,
ukasimama palepale pa uzima.

Nikatoka bila kufunga kabati, elfu tatu kiganjani.
Mbele ya ghala hapakuwa na gari,
doa la mafuta tu, na maganda ya muhogo.

Nimezikunja zile noti ndani ya kasha la saa
ambayo mwenyewe hajarudi.
Bi Somoe atarudi.
Mabibo bado yanadondoka.