Lasafu

Mwezi wa saba, Saiq. Mawaridi yalishachemshwa,
chupa zimefungwa, wageni wa Maskati
wameteremka na marashi yao.
Sasa ndipo jabali linapochanua,
bila shahidi, kama mtu alaye peke yake.

Shangazi Zayana ametangulia, kanga kaifunga kiunoni.
"Huu itimu," anagusa mzeituni mwitu.
"Hii shahasi. Mbegu zina mabawa, lakini haziendi mbali."
Naandika. Kiswahili chake cha Wete
kina jina la kila kidudu cha mkarafuuni;
huku juu kinasimama, kinahema,
kinaomba maji.

Tulilala penye mawe kwa ajili ya ua moja.
Magharibi lasafu ikafunguka ufani mwa mwamba:
jeupe, nyuzi za zambarau zimechomoza
kama masharubu ya paka.
Nondo akaingia. Hatukusema kitu.

Asubuhi nikaamka na kisu, na gazeti la kukaushia.
Ua lilishajikunja,
na mbuzi wa kina Saif bin Muhenna alishafika.
Alikula ua, jani, mwiba,
na pembe ya daftari langu.

Shangazi akacheka mpaka akakaa chini.
"Andika tu. Limeonekana."

Na kwa Kiswahili, laitwaje?
Alinyamaza njia nzima, hadi kwenye mfereji wa kwanza,
akanawa uso, akanawa tena.
"Kimbiajua," akasema.

Nikaliandika hapohapo,
pembezoni mwa alama za meno.