Punje Arobaini na Mbili

Boksi moja lilikuwa dola kumi na nane
mwaka ule tuliobadilisha paa.
Lilipofika thelathini, Orrin alinung'unika.
Lilipofika hamsini na mbili hakusema kitu:
alilirudisha juu ya kaunta ya Haugen
taratibu, kama mtu arudishaye mtoto wa mwenzake,
tukarudi nyumbani maili ishirini na sita za theluji
redio ikiwa imezimwa.

Jumamosi iliyofuata alishuka chumba cha chini
na mashine ya mkono aliyoinunua kwa mjane mmoja wa Havre,
rangi nyekundu imebanduka pale kiganja cha marehemu kilipozoea.
Akaifunga kwa boliti nne
kwenye meza niliyokuwa nikikunjia nguo.
Sikuulizwa.

Tangu hapo nafua karibu na baruti.
Milio yote naijua:
kijiko, mizani,
mpini ushukao ukiguna,
ganda likipokea risasi yake mpya, tik.
Maganda huyaokota majanini amepiga magoti,
mzee wa miaka sabini na moja, utadhani kaangusha pete.
Huyaosha. Akawa anayakausha kwenye oveni yangu
mpaka siku mkate wa Britta ulipotoka na harufu ya shaba,
tukanuniana hadi Jumanne.

"Naokoa senti sitini kwa kila moja," aliniambia.
Nikachukua penseli ya jikoni:
mashine, mizani, vitabu vya vipimo,
fataki elfu tano alizonunua siku moja
kwa kuwa alisikia zitaadimika.
Orrin, nikasema, ili tuanze kuokoa
itakubidi upige risasi mpaka utimize themanini na tisa.
Akacheka. Akauliza kama nimejumlisha kodi.

Rafu zimejaa sasa.
Makopo ya jeshi, kijani, kila kifuniko na mpira wake,
ndani vifuko vidogo vya kunywa unyevu,
nje lebo kwa mwandiko wake wa ncha kali:
tarehe, uzito, punje ngapi.
Mbali na tanuri, mbali na bomba la maji,
ubaridi ule ule Julai na Januari.
Akiba haiozi, husema akiligonga kopo,
nami humtazama shingoni, ngozi ilivyolegea,
nisimjibu.

Kulungu mmoja kwa mwaka. Risasi moja, mbili akiwa na pupa.
Makopo yale yana elfu tatu na mia mbili.
Hapa sihitaji penseli.

Lipo kopo moja si lake. La baba yake,
bati la biskuti, risasi kumi na nne,
na kipande cha karatasi ya bei: dola tatu na senti sabini.
Hulifungua kila Novemba, hunusa, hufunga.
"Zitalia?" niliwahi kumuuliza.
"Zitalia. Mradi zimekaa pakavu."
Hajajaribu hata moja.

Mwaka huu mikono imeanza.
Kwanza kikombe cha kahawa, kisha vifungo vya shati,
kisha usiku mmoja nikasikia kijiko kikianguka
na baada yake kimya,
kimya cha mtu anayetazama baruti sakafuni.
Nilishuka na ufagio.
Sikumfagilia. Nilimkabidhi ufagio, nikavaa miwani,
nikakaa kwenye kiti chake.

"Arobaini na mbili," akasema nyuma yangu.
Nikadondosha punje baada ya punje,
kama chumvi kwenye supu ya mgonjwa wa presha.
Arobaini na moja. Na nusu.
Sindano ikasita, ikapanda, ikatulia.
"Hapo," akasema. "Usiongeze hata moja."

Tulijaza ishirini.
Lebo niliandika mimi, herufi zangu za mviringo
katikati ya safu zake zote zenye ncha.
Kisha tukapanda ngazi, yeye mbele,
kiganja changu karibu na mgongo wake,
hakijagusa.