Ndani ya Kumi na Nane

Majivu nilichukua kwa mama Sechelela,
debe moja na nusu, ya kuni za mgunga,
chini bado yana joto. Akasema,
"Mkifungwa msirudi kuomba tena."
Chokaa ni ya timu zenye mdhamini.
Sisi Kigwe tunachora uwanja kwa mabaki ya ugali.

Uwanja wetu umeinama kuelekea reli.
Anayeshuka ana upepo mgongoni,
upepo ule wa Agosti unaofagia mbuga ya Bahi
na kukuletea vumbi la mashamba ya watu usiowajua.
Ndiyo maana kipindi cha pili mnabadilishana magoli:
kila mmoja atapanda, kila mmoja atashuka.
Haki ya mpira ipo hapo, husema watu.
Ila siku ile, mapumziko yalipokwisha,
upepo ukakaa chini,
kimya, kama mdaiwa.

Watu walijaa tangu saa sita.
Mloli aliuza kuku wawili wa mayai anunue jezi,
kufika jioni rangi imehamia kifuani.
Katekista Elikana aliruka nyimbo mbili za ibada
na hakuna aliyelalamika.
Bibi Mbeleje haoni vizuri. Aliuliza tu, "Sisi ni wepi?"
na kabla hajajibiwa akapiga kigelegele.

Mwaka huo mvua ilikatika Februari.
Mtama ulifika kiunoni, ukafa umesimama.
Hakuna aliyeifungulia mvua kesi.
Lakini mpira!
Mpira una filimbi, una saa,
una mtu mwenye kaptula nyeusi wa kumuuliza kwa nini.
Nadhani tunaupendea hapo.

Dakika ya themanini na nane, sifuri kwa sifuri.
Winga wao, kijana wa mjini, njumu mpya,
Ndahani akamkata. Alimkata kweli, sitadanganya.
Vumbi likapanda, likashuka.
Refa akatazama chini, akaona majivu,
akanyoosha mkono: penalti.

Yaliyofuata mnayajua hata kama hamkuwepo.
Goli. Mawe. Refa mbio
hadi chumba cha stesheni masta, mlango ukakomewa,
na Mloli nje anautwanga kwa ngumi, analia
kama hakulia alipomzika baba yake.
Hadi leo ukitaja jina la refa yule, mtu atatema mate.
Alihongwa mbuzi. Hapana, baiskeli.
Shemeji yake anakaa Area C, nani asiyejua?
Kila mwaka hongo inapanda bei.
Sasa tumefika kwenye pikipiki.

Alfajiri ya siku ile nilikuwa nachora peke yangu.
Kamba nilikuwa nimeiazima kwa mtu, afungie ndama.
Nikapima kwa hatua.
Nikafika penye kisiki, kile
ambacho kila kiangazi tunasema tutaking'oa,
na mimi, kwa uvivu tu, nikakizunguka.
Hatua moja kwa nje. Labda moja na robo.
Mstari ukatoa tumbo kama mtoto mwenye minyoo.

Ndahani alicheza rafu ndani ya tumbo lile.
Refa alihukumu majivu aliyoyakuta.

Ndahani siku hizi anaendesha trekta Kibaigwa.
Tukikutana mnadani ananishika mkono kwa mikono miwili.
"Tulionewa, kaka."
Nami najibu, "Tulionewa,"
na ananinunulia soda.

Kisiki nilikichimba siku nne baadaye,
usiku, kwa jembe la mke wangu.
Mizizi ilikwenda mbali kuliko nilivyodhani.
Shimo nikalifukia, nikalipiga kwa miguu,
juu nikamwaga majivu yaliyobaki.
Asubuhi vijana wakaja na mpira wao wa makaratasi,
wakashangaa: kisiki kimekwenda wapi?

Nikasema, mchwa.