Paese

Gualtiero, aliyepanda Uru kutufungia pampu,
aliniuliza, vidole vimejaa grisi:
paese yako ni ipi?
Tanzania, nikamjibu.
Akacheka. Akachora duara vumbini kwa spana.
Siyo hiyo. Paese:
mwisho wake ni pale kengele ya kanisa isiposikika tena.

Kumbe neno moja kwao ni nchi, tena ni kijiji,
kama kata yetu, asubuhi ya maji,
jioni ya mbege.

Umeme ulikatika. Tukakaa na kibatari,
naye akaanza kutaja ukoo wa neno, taratibu,
mithili ya shangazi kwenye matanga.
Babu yake ni kigingi. Warumi walikipigilia ardhini
wakasema: hadi hapa.
Kigingi kikazaa mtaa, mtaa ukazaa paese.
Wapo ndugu waliotawanyika:
pagano, mtu wa shamba, ambaye Injili ilimfikia akiwa bado analima;
pagina, ukurasa, mistari iliyopandwa kama mizabibu;
na pace, yaani amani,
tumbo moja na kigingi.

Nami sikukubali kulala nikidaiwa.
Nikampa mji.
Wazulu huuita umuzi, nikasema, na hatujawahi kuonana.
Nikampa mwenyeji, aliye na mji, ndiye anayekupa kiti.
Nikampa mji wa mimba, sote tulikohama bila mizigo.
Nikampa kijiji, kisha kijiti,
akavirudia, kijiji, kijiti,
hakujua lipi analala ndani yake
na lipi anachokonolea meno.

Alfajiri akaona majani marefu kando ya mfereji.
Hiyo nini?
Isale. Mpaka wetu na wa Mosha.
Sikumwambia kwamba mwaka juzi, usiku mmoja,
lile isale lilitembea hatua tatu kuja kwetu,
likala migomba miwili.
Wala kwamba Mosha mwenyewe, Jumatatu ya Pasaka,
alikuja na jani lake, amelifunga fundo,
kwa kuwa huku mmea wa mpaka
ndio huohuo wa kuombea radhi.

Baba hajalipokea, hajalitupa.
Limechomekwa juu ya mlango, limekauka,
na kila anayeingia huinama kidogo.

Gualtiero naye aliinama.
Akashuka Moshi mjini kutafuta boliti.